Namba Inayoishi Sekunde Thelathini

Mhadhara wa wazi kuhusu ulinzi wa akaunti kwa hatua mbili, kwa wakazi wa Naipingo na jirani zetu wa Nachingwea na Ruangwa

  

Nimekuja kuzungumza juu ya programu ndogo ya simu inayotoa namba sita, ambazo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Kazi yake ni kumzuia mtu aliyeiba nywila yako asiweze kuingia kwenye akaunti yako. Najua wapo watakaosema mambo haya ni ya Dar es Salaam, ya watu wa benki na maofisi. Mimi nasema kinyume chake. Njia hii inamfaa mtu wa Naipingo kuliko anavyofikiri, ila kwa sharti moja ambalo wengi wetu bado hatujalitimiza: akaunti yenyewe iwe yako kweli.

Mtu wa Nachingwea ana haki ya kuwa mgumu kuamini teknolojia ya kuletewa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, ikachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta, misitu ikafyekwa, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuja hadi huku. Waliochora mradi hawakuujua vizuri udongo wala mvua ya mahali walipokwenda kulima. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni za Uingereza zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Historia hiyo inatufundisha kwamba kila chombo kinacholetwa kijibu maswali ya hapa kabla hakijapokelewa. Mimi nitakihoji hiki kwa maswali manne. Je, kinafanya kazi mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea? Kinagharimu nini? Kikiharibika, tunafanyaje? Na mwenye nacho hasa ni nani?

Kilichopo nyuma ya nywila

Kwanza tukubaliane tunalinda nini, maana mtu hafungi mlango wa nyumba isiyo na kitu.

Kijana wa kidato cha nne akitaka kubadilisha tahasusi aliyochaguliwa, anaingia kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Akifika chuo kikuu na kuhitaji mkopo, maombi yake kwa Bodi ya Mikopo yanapita mtandaoni. Akimaliza chuo, anaomba kazi ya Serikali kupitia Ajira Portal. Mwalimu wa shule yetu ya msingi anaomba likizo na kujaza utendaji wake kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa umma. Shule, kijiji au halmashauri inaponunua vifaa, zabuni inapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Na mkulima, ambaye tangu mwaka 2007 amezoea kusikia habari za stakabadhi ghalani kwenye korosho, leo anaona ufuta, mbaazi na korosho zikinadiwa kwa kompyuta kupitia soko la bidhaa la TMX, wanunuzi wakishindana bila kukanyaga ghala. Malipo yakitoka, yanaingia kwenye akaunti ya benki.

Juu ya yote hayo kuna barua pepe. Watu wengi huidharau kwa sababu hawaisomi. Lakini ukisahau nywila ya mfumo wowote kati ya hiyo, njia ya kuibadilisha hutumwa kwenye barua pepe yako. Aliyeishika barua pepe yako anaweza kubisha hodi kwenye milango yako mingine yote na kufunguliwa. Kwa hiyo ukitoka hapa na nia ya kulinda kitu kimoja tu, anza na barua pepe.

Kwa nini nywila peke yake haitoshi

Nywila za kompyuta zina umri wa miaka sitini na kitu, na wizi wake una umri uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Kila mtu alikuwa na neno lake la siri na muda wake aliopangiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, aliona muda wake haumtoshi. Akaiagiza kompyuta imchapie faili lenye nywila za watu wote, akachukua karatasi zake, akaendelea kutumia muda wa wenzake. Yeye mwenyewe alikuja kuisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye.

Ubaya wa nywila ni kwamba ikiibwa haipungui. Mwenye nayo bado anayo, inamfungulia kama kawaida, hana dalili. Tena wengi tunatumia nywila moja kila mahali, na mara nyingi ni jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Tovuti moja ikivuja, mwizi hahangaiki. Anaijaribu nywila hiyohiyo kwenye barua pepe, Facebook na kwingineko.

Ndipo likaja wazo la hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kitu unachokijua, yaani nywila. Hatua ya pili ni kitu ulichonacho mkononi. Wazo hilo mnalitumia tayari. Kwenye ATM huwezi kutoa fedha kwa kadi bila namba ya siri, wala kwa namba ya siri bila kadi. Mwizi lazima apate vyote viwili, na kazi yake inakuwa ngumu.

Namba inayokuja kwa ujumbe

Hatua ya pili iliyozoeleka ni ujumbe mfupi. Unaandika nywila, kisha mfumo unakutumia namba kwenye simu. Nianze kwa kuisifu njia hii, maana inaingia hata kwenye kitochi, na ni afadhali mara nyingi kuliko kubaki na nywila tupu. Asiyeweza kupata njia nyingine aiwashe hiyo.

Lakini ina matatizo matatu, na yote matatu yanatugusa huku.

La kwanza ni mtandao. Kuna vijiji ambavyo mtu anajua kabisa mti wa kusimama ili apate mnara. Ujumbe wa namba una muda wake wa kuisha. Ukitumwa saa nne kasoro na kukufikia saa nne na robo, umepata namba iliyokufa. Unaomba nyingine, nayo inachelewa, na mfumo unakufungia kwa kujaribu mara nyingi.

La pili ni laini yenyewe. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulifikia ukomo Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Wakati huo wapo ambao walikuwa bado hawana namba ya NIDA, wakaazima kidole cha ndugu, jirani au shemeji. Laini unaitumia wewe, kwenye kumbukumbu za kampuni ni ya mwingine. Siku mkikosana, au siku akifariki, huna haki ya kuirudisha ikipotea. Wapo pia walioambiwa na msajili wa barabarani, "Weka kidole tena, hakijasoma," kumbe kile cha pili kilikuwa kinasajili laini nyingine ya mtu asiyejulikana. Ndiyo maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeweka namba *106# ili kila mtu aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Piga leo. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ikafutwe.

Tena kuna wizi wa kurudisha laini. Tapeli anajifanya ndiye wewe, anaripoti laini imepotea, anapewa laini mpya yenye namba yako. Simu yako inakata mtandao, na tangu hapo kila ujumbe wa namba unamfikia yeye. Wizi wa kuhamisha namba haujali ukubwa wa mtu. Agosti 30, 2019, Jack Dorsey, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Twitter, alikuta wahuni wanaandika matusi kwenye akaunti yake mwenyewe, baada ya namba yake ya simu kuangukia mikononi mwao kupitia kampuni ya simu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliiweka njia ya ujumbe wa simu miongoni mwa njia zinazoruhusiwa kwa masharti tu.

La tatu ni kuombwa. Mtu anakupigia: "Mama, kuna namba imekuja kwako kimakosa, naomba unisomee." Ukisoma, umemfungulia mlango.

Namba inayozaliwa ndani ya simu

Sasa tufike kwenye programu ya uthibitishaji. Zipo nyingi. Google Authenticator ilitoka mwaka 2010, ipo Microsoft Authenticator, ipo Aegis, na nyinginezo. Karibu zote zinafuata kanuni moja ya wazi iitwayo TOTP, iliyochapishwa na wahandisi wa intaneti wa IETF Mei 2011. Kwa sababu kanuni ni ya wazi, programu ya kampuni moja inaweza kulinda akaunti ya kampuni nyingine. Hulazimiki kumfuata mfanyabiashara mmoja.

Wazee wa Nachingwea mnaikumbuka kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO kutoka Msumbiji. Jeshi lolote lenye nidhamu huwa na neno la zamu. Anayekaribia lindo usiku asipolijua, hapiti. Neno hilo hubadilishwa, ili aliyelisikia jana lisimsaidie leo. Shida ya kambi ni kwamba kila neno jipya lazima lipelekwe kwa walinzi wote, na njiani linaweza kusikika. Programu hii imeondoa safari hiyo. Neno linabadilika kila sekunde 30, na hakuna anayelipeleka popote.

Inawezekanaje? Siku unapoiwasha, mfumo wa akaunti yako na simu yako vinapeana ufunguo mrefu wa siri, mara moja tu. Baada ya hapo kila upande unatazama saa. Kompyuta zimekubaliana kuanza kuhesabu muda tangu Januari 1, 1970, usiku wa manane kwa saa za Greenwich. Kwetu hapa ilikuwa saa tisa usiku. Kutoka hapo muda unakatwa vipande vya sekunde 30, ambavyo kwa siku moja ni vipande 2,880. Mwaka 2025 ulipoanza kwa saa hizo za Greenwich, vilikuwa vimepita vipande 57,856,320. Simu inachukua hesabu ya kipande cha sasa, inaichanganya na ule ufunguo wa siri kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kisha inakata tarakimu sita za kukuonyesha. Mfumo ulioko mbali nao unafanya hesabu ileile, kwa ufunguo uleule, kwa saa ileile. Majibu yakilingana, unaingia.

Mwizi anayebahatisha ana nafasi moja kati ya milioni moja kwa kila jaribio, na mifumo makini inamfunga baada ya majaribio machache. Aliyechungulia namba yako dakika tano zilizopita hana kitu.

Hapo swali letu la kwanza limejibiwa. Kwa kutoa namba, simu haihitaji mnara. Haihitaji bando, haihitaji hata laini. Iwe bondeni, iwe shambani kwenye mikorosho, iwe mtandao umekatika wilaya nzima, namba inatoka. Mtandao utauhitaji kwenye kile kifaa unachoingilia tu, kwa mfano kompyuta ya ofisi ya kijiji. Mtu wa mjini anapata ujumbe wake kwa sekunde mbili na haoni tofauti kubwa. Anayesubiri ujumbe chini ya mti ndiye anayenufaika zaidi.

Kitu kimoja simu inakihitaji, nacho ni saa sahihi. Saa ikipotoka kwa dakika kadhaa, hesabu za pande mbili hazitalingana na namba itakataliwa. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uiache simu ijirekebishe yenyewe.

Gharama, na jinsi ya kuiwasha

Swali la pili ni gharama. Programu nilizozitaja ni za bure. Unatumia bando kidogo siku ya kuipakua, basi. Na angalieni jambo hili: Machi 2023 Twitter iliwaondolea watumiaji wasiolipia ile njia ya ujumbe mfupi, ikawaachia njia ya programu bila malipo. Kilicho imara zaidi kikabaki ndicho cha bure. Gharama ya kweli ni simu janja. Mwenye kitochi hawezi kuiweka, na sitamdanganya, nitamrudia baadaye.

Kuiwasha kunafanana karibu kila mahali. Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, usikubali kurushiwa na mtu kwa Bluetooth au WhatsApp. Fungua akaunti unayotaka kuilinda, tafuta sehemu ya usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, halafu chagua programu ya uthibitishaji. Utaonyeshwa mraba wa QR. Ufungue kwa programu yako, itaanza kutoa namba sita. Ziandike pale zinapotakiwa, na kazi imekwisha.

Wengi wanakwama hapa: akaunti imefunguliwa kwenye simu ileile iliyo na programu, na simu haiwezi kujipiga picha yenyewe. Chini ya mraba kuna maneno yanayosema huwezi kuskani. Bonyeza hapo, utapewa ufunguo kwa herufi na tarakimu. Unakili, ufungue programu, uchague kuweka ufunguo kwa mkono, uubandike.

Usiupige picha ule mraba ukaituma kwenye grupu kuomba msaada. Yeyote atakayeuskani atakuwa anatoa namba zilezile unazotoa wewe, sekunde kwa sekunde.

Simu ikipotea

Swali la tatu ndilo linalowaumiza watu wengi. Tumezoea kwamba simu ikiibwa, tunakwenda kurudisha laini na mambo yanaendelea. Ujumbe unarudi, fedha za kwenye simu zinarudi. Ufunguo wa programu haurudi. Haukuwa kwenye laini. Ulikuwa ndani ya simu iliyopotea. Anayeliwasha jambo hili bila kujiandaa anaweza kujifungia nje ya akaunti yake mwenyewe, na hapo teknolojia itakuwa imemgeuka kama karanga za mwaka 1947.

Maandalizi yenyewe ni karatasi. Akaunti nyingi, ukishawasha hatua mbili, zinakupa namba za akiba. Google inatoa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu au zichapishe, uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kadi ya uanachama wa chama cha msingi na hati ya shamba. Usizipige picha ukaiacha kwenye simu hiyohiyo. Ikienda simu, nazo zitakwenda. Mali bila daftari huisha bila habari, na hii ni mali.

Mwenye kitochi naye nimemfikia. Akaunti zake nyingi hufunguliwa kwenye simu janja ya ndugu anayemwamini, nywila akiwa nayo yeye kichwani. Hatua mbili iwekwe kwenye simu hiyo ya ndugu, halafu karatasi ya namba za akiba akae nayo mwenyewe nyumbani. Hata simu ya ndugu ikihamia Masasi au Lindi, yeye hajafungiwa.

Ukinunua simu mpya na ya zamani bado unayo, hamisha funguo kabla ya kuiuza au kumpa mdogo wako. Google Authenticator ina sehemu ya kuhamisha akaunti, na tangu Aprili 2023 inaweza pia kuhifadhi funguo kwenye akaunti yako ya Google. Uhifadhi huo ni mzuri, ila una maana kwamba anayeingia kwenye akaunti yako ya Google anazikuta funguo zote. Na hili linatupeleka kwenye swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Akaunti ni ya nani?

Nenda stesheneri yoyote ya mjini Nachingwea au Ruangwa wakati wa maombi ya mikopo. Utakuta vijana wamepanga foleni. Yule wa kwenye kompyuta anamuuliza kijana jina na namba ya mtihani, anamfungulia barua pepe, anamtungia nywila, mara nyingi ileile aliyompa wa mbele yake, na sehemu ya namba ya simu anajaza yake ili mambo yaende haraka. Simlaumu. Anafanya kazi, ana foleni, na wateja wengi wanataka risiti ya maombi tu. Lakini kijana anatoka pale akiwa na akaunti ambayo nywila yake anaijua mwingine na namba ya kuirudishia ni ya mwingine. Miaka mitatu baadaye, Ajira Portal inapomwita kwenye usaili, hajui hata jinsi ya kuifungua.

Kumwambia kijana huyo aweke programu ya uthibitishaji juu ya akaunti kama hiyo ni kazi bure. Kwanza aichukue akaunti yake. Aingie, abadilishe nywila, aondoe namba ya simu isiyo yake, aweke yake iliyosajiliwa kwa kidole chake, kisha atazame orodha ya vifaa vilivyomo na kuvitoa asivyovijua. Baada ya hapo ndipo awashe hatua ya pili. Wazazi mliomsindikiza mtoto stesheneri, ombeni jambo moja: mtoto aandike nywila mwenyewe, kwa vidole vyake, mhudumu akitazama pembeni.

Upande wa vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa, shida inageuka. Akaunti ni ya wote, lakini imo kwenye simu ya katibu peke yake. Katibu akisafiri, akiugua, au akigoma baada ya kushindwa uchaguzi, chama kizima kimefungiwa nje. Pale mfumo unaporuhusu kila kiongozi awe na jina lake la kuingilia, tumieni nafasi hiyo, kwa sababu kila tendo litaonekana limefanywa na nani. Pale unaporuhusu jina moja tu, basi siku ya kuwasha, watu wawili, kwa mfano mwenyekiti na katibu, wauskani mraba uleule kwa pamoja mbele ya kamati, na namba za akiba zifungwe kwenye bahasha ihifadhiwe na mtu wa tatu. Uongozi ukibadilika katika mkutano mkuu, hatua mbili izimwe na iwashwe upya kwa ufunguo mpya. Jambo hilo liandikwe kwenye fomu ya makabidhiano, pamoja na mhuri, vitabu vya stakabadhi na mizani ya ghala.

Isichoweza kukilinda

Nitakuwa sijawatendea haki nikiwaacha na imani kupita kiasi.

Programu hii hailindi fedha zilizo kwenye simu. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, ukizifungua kwa kupiga namba za nyota, zinalindwa na namba yako ya siri. Hiyo usimpe wakala, usimpe mtoto anayekusaidia kutuma, wala usimtajie anayejiita mhudumu wa kampuni. Wahudumu halali wa mitandao yetu wanapatikana kwa namba 100. Ukiletewa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu. Utume kwenda namba 15040 ili namba ya tapeli ishughulikiwe.

Vilevile WhatsApp haitumii programu hii. Ina hatua yake ya pili, ambayo ni namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti. Viongozi wa magrupu ya vyama, iwasheni, maana tapeli akiteka akaunti ya katibu anaweza kuwaomba wanachama mia moja mchango wa msiba usiokuwepo.

Na programu haizuii ulimi. Namba sita ukimsomea tapeli ndani ya sekunde zake 30, au ukiziandika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa benki, zitafanya kazi kwake kama zinavyofanya kwako. Kinga dhidi ya kurasa bandia ni teknolojia mpya zaidi, ya funguo za siri za kifaa, ambazo zinakataa kufunguka kwenye anwani isiyo ya kweli, na baadhi ya simu zenu tayari zinazo. Mpaka zienee, kanuni inabaki moja: hakuna mtu yeyote, wa benki, wa Serikali wala wa kampuni ya simu, mwenye haki ya kuuliza namba hizo.

Aliyedhurika asikae kimya kwa aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na pia anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Kituo cha polisi kinapokea malalamiko hayo kama kinavyopokea ya kuibiwa korosho.

Ombi langu

Ndugu zangu, kwa maswali yetu manne chombo hiki kimefaulu matatu: kinafanya kazi bila mtandao, chenyewe ni cha bure kwa mwenye simu janja, na kikipotea karatasi inatuokoa. Swali la nne, la akaunti ni ya nani, programu haiwezi kutujibia. Ni kazi yetu.

Naomba mambo haya yafanyike kabla mnada wa kwanza wa korosho haujatangazwa. Kila mmoja apige *106# na kuzitambua laini zake. Kila mwenye barua pepe aichukue mikononi mwake na kubadilisha nywila. Wenye simu janja waweke programu, waandike namba za akiba kwenye karatasi na kuzihifadhi mahali pakavu. Kila chama cha msingi kiliingize suala hili kwenye ajenda ya mkutano wake ujao. Na walimu wetu wa kidato cha nne, tafadhali msimwachie mwanafunzi aondoke shuleni bila kujua kufungua akaunti yake kwa mkono wake.

 Nipo tayari kwa maswali, na mwenye simu janja mfukoni aitoe tuanze.